Mlengaji Halengi Medali

Agosti 22, 2004, katika uwanja wa shabaha wa Markopoulo, nje kidogo ya Athens, Mmarekani Matthew Emmons alibakiwa na risasi moja. Kwa hesabu ya kila aliyekuwapo, fainali ya bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu ilikuwa imekwisha. Alikuwa mbele kwa pointi tatu, na risasi ya pointi 7.2 tu ingempa dhahabu. Kwa mtu wa kiwango chake, 7.2 ni risasi ya kuonea aibu. Alilenga, akatulia, akafyatua. Kwenye skrini ya matokeo hakikutokea kitu. Aligeuka kuwatazama waamuzi akidhani mtambo umeharibika. Mtambo ulikuwa mzima. Risasi ilikuwa imefika, tena kwa pointi 8.1, ila ilifika kwenye shabaha ya Christian Planer wa Austria, aliyekuwa nafasi ya tatu kwenye mstari. Emmons alisimama nafasi ya pili. Alipewa sifuri, akaporomoka hadi wa nane kati ya wanane, na dhahabu ikachukuliwa na Jia Zhanbo wa China.

Ni rahisi kusema alikosa umakini. Maelezo aliyoyatoa mwenyewe yanaonyesha jambo jingine. Kwa kawaida Emmons alikuwa akianza kwa kutazama namba iliyo juu ya shabaha, kisha akiishusha bunduki polepole hadi kwenye duara jeusi. Safari hiyo akili yake yote ilikuwa katika kujituliza ili afyatue risasi safi, na namba hakuitazama. Umakini alikuwa nao mwingi kupita siku nyingine zote. Kilichokosekana ni hatua moja ndogo ya utaratibu wake, hatua ambayo alikwisha kuifanya maelfu ya mara bila kuifikiria.

Huku kwetu umakini wa mwanamichezo huzungumzwa kama jambo la moyo. Aliyeshinda "alikaza", aliyeshindwa "hakujituma", na anayetetemeka kwenye penalti huambiwa hana roho ya kiume. Ulengaji shabaha, mchezo ambao Waafrika Mashariki wengi huuona kwa dakika chache kila baada ya miaka minne, unaipinga lugha hiyo moja kwa moja. Mlengaji anayekaza ndiye anayekosa. Na mlengaji anayeifikiria medali wakati kidole kiko kwenye triga anakuwa ameingiza kichwani kazi ya pili isiyohitajika.

Tuanze na ukubwa wa kinacholengwa. Katika bunduki ya hewa ya mita 10, duara la alama kumi lina kipenyo cha nusu milimita, kama nukta inayoachwa na ncha ya kalamu. Risasi yenyewe ina kipenyo cha milimita 4.5, kwa hiyo ni kubwa mara tisa kuliko kitu inachotafuta. Alama hupimwa hadi sehemu ya kumi: risasi ya katikati kabisa ni 10.9, na ile iliyopotoka kwa zaidi kidogo ya milimita moja ni 10.4. Katika mchujo mtu hufyatua risasi 60 ndani ya saa moja na robo. Wanane bora huingia fainali, na humo nafasi mara nyingi hutenganishwa na sehemu za pointi moja. Nguvu za mikono hazimsaidii mtu hapa. Hata pumzi ni adui, na pigo la moyo linatosha kuusogeza mtutu.

Ndiyo maana dawa zinazopigwa marufuku katika mchezo huu ni za aina ya kushangaza. Wakati wakimbiaji na wanyanyua vyuma hunaswa kwa dawa za kuongeza nguvu, walengaji hunaswa kwa dawa za kuupunguza mwili kasi. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili za bastola katika Michezo ya Beijing 2008, fedha na shaba, baada ya kupatikana na propranolol, dawa ambayo hospitalini hupewa watu wenye shinikizo la damu na matatizo ya moyo. Hutuliza mapigo ya moyo na hupunguza mtetemeko wa mkono. Katika ulengaji imepigwa marufuku siku za mashindano na siku za kawaida pia.

Kinachofurahisha ni kwamba walengaji wazoefu hujifunza kupata sehemu ya utulivu huo bila kidonge. Tafiti zimeonyesha kuwa mapigo yao ya moyo hupungua kasi sekunde chache kabla ya kufyatua. Mwaka 1984 Bradley Hatfield na wenzake huko Marekani walipima mawimbi ya ubongo wa walengaji wa kiwango cha juu, wakaona kwamba kadiri wakati wa kufyatua unavyokaribia, upande wa kushoto wa ubongo, ule unaohusika zaidi na maneno na uchambuzi, hutulia. Kwa maneno mengine, bingwa huacha kujisemesha. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, naye alifuatilia macho ya wanamichezo wa fani mbalimbali, akaona kuwa kabla ya tendo lenyewe mabingwa hulikazia jicho jambo moja kwa muda mrefu zaidi kuliko wanaojifunza. Si kwamba wanatazama mengi. Wanatazama machache, na hawabanduki.

Sasa mweleze mtu wa namna hiyo, nusu dakika kabla ya kufyatua, kwamba taifa zima linasubiri dhahabu.

Lanny Bassham wa Texas aliyajua haya kwa kuyalipia. Alikwenda Munich mwaka 1972 akitazamiwa kushinda bunduki ya mikao mitatu, akabanwa na presha, akarudi na fedha. Baada ya hapo aliwatafuta mabingwa wa Olimpiki mmoja mmoja akiwauliza wanafikiri nini wakati wa kushindana. Kutokana na majibu yao alijenga mfumo wa mafunzo ya akili ambao baadaye aliufundisha kwa miongo kadhaa, na nguzo yake mojawapo ni rahisi: akili inayojitambua hushika jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ikishika alama, imeuachia utaratibu. Mwaka 1976, Montreal, alipata dhahabu baada ya kufungana na Margaret Murdock, Mmarekani mwenzake, kwa pointi 1162 kila mmoja. Kanuni za kuvunja sare zilimpa yeye ushindi. Bassham hakuona kwamba kuna aliyemshinda mwenzake, na wimbo wa taifa ulipopigwa alimvuta Murdock wakasimama wote wawili kwenye ngazi ya juu. Mtu aliyefungwa na matokeo asingekuwa na nafasi moyoni ya kufanya hivyo.

Mfano wa Mhindi Abhinav Bindra ni mpana zaidi, na ndio unaostahili kutazamwa kwa makini, maana una pande mbili.

Mwaka 2004, Athens, Bindra aliingia fainali ya bunduki ya hewa akiwa wa tatu, akamaliza wa saba. Baadaye aligundua kwamba kigae kwenye sakafu alipokuwa amesimama kilikuwa kimelegea. Jambo kama hilo lingeweza kumpa kisingizio cha maisha. Yeye akaligeuza kuwa somo la mazoezi: kama mambo ya ajabu yanatokea fainali, basi na yaletwe mazoezini. Nyumbani kwao alikuwa na uwanja wake wa ndani, aliojengewa na baba yake, na humo alijaribu taa, viatu, risasi, kila kitu. Karibu na safari ya Beijing alipanda nguzo ya mita 12 hivi huko Ujerumani, ya aina inayotumiwa na makomando, huku akiwa na hofu ya urefu. Alipofika katikati alitaka kushuka. Akaendelea. Hakutafuta nguvu za miguu kule juu. Alitaka kujua mwili wake unafanyaje ukiwa na hofu, na hatua inayofuata inachukuliwaje hofu ikiwa bado ipo.

Agosti 11, 2008, kabla ya risasi ya mwisho, Bindra na Henri Häkkinen wa Finland walikuwa sawa kwa pointi 689.7. Häkkinen alipata 9.7 akaangukia shaba. Bindra alipata 10.8, risasi yake bora ya fainali hiyo, akamaliza na 700.5 dhidi ya 699.7 za Zhu Qinan wa China. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika historia ya India kwenye Olimpiki, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Uso wake haukubadilika sana. Watu walidhani ni mkavu wa hisia.

Upande wa pili ulikuja baadaye, na Bindra ameusimulia hadharani. Baada ya kufikia lengo alilolikimbilia tangu utotoni, alijikuta mtupu. Hakujua afanye nini na asubuhi inayofuata. Lengo kubwa lilikuwa limemwamsha kitandani kwa miaka mingi, na lilipofikiwa halikuacha kitu nyuma yake. Ilimbidi ajifunze upya kuupenda ulengaji wenyewe, risasi kwa risasi. Miaka minane baadaye, Rio, alikosa medali kwa risasi ya ziada dhidi ya Serhiy Kulish wa Ukraine, akamaliza wa nne, akastaafu.

Hapa wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Wasomi wa malengo, hasa Edwin Locke na Gary Latham, wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu atende vizuri zaidi kuliko kuambiwa tu "jitahidi uwezavyo". Kwa nini basi mwanamichezo asiambiwe wazi kwamba tunataka dhahabu? Jibu liko ndani ya kazi ya wasomi hao hao. Kwa shughuli ngumu ambayo mtu bado anajifunza, lengo la kujua namna ya kufanya humsaidia kuliko lengo la matokeo. Na kuna jambo la pili, ambalo halihitaji msomi: dhahabu haimo mikononi mwa mlengaji. Anaweza kufyatua risasi nzuri kupita zote za maisha yake na jirani akafyatua nzuri zaidi. Kilicho mikononi mwake ni mkao wa miguu, pumzi, jicho, kidole, na uamuzi wa kuishusha bunduki na kuanza upya pale mambo yasipokaa sawa. Uamuzi huo wa mwisho ni mgumu kuliko unavyosikika. Muda unakwenda, watu wanatazama, na mkono umekwisha kuchoka.

Lengo la medali lina mahali pake. Ni zuri kwenye ukuta wa chumba cha kulala mwezi wa pili, mvua inaponyesha na hakuna anayetazama. Kwenye mstari wa kufyatulia ni mzigo.

Wala mtu asidhani kuwa utaratibu ni hirizi. Emmons alirudi Beijing mwaka 2008, mchezo ule ule, akiongoza tena kwa pointi 3.3 kabla ya risasi ya mwisho. Alihitaji 6.7. Akiwa bado anaishusha bunduki kuelekea katikati ya shabaha, kidole kiligusa triga mapema. 4.4. Nafasi ya nne. London 2012, risasi ya mwisho tena, akiwa kwenye fedha: 7.6, akashukia shaba. Wapo wanaomkumbuka kwa risasi hizo tatu tu, nayo ni dhuluma, kwani mtu huyo huyo alishinda dhahabu ya mkao wa kulala Athens kwa bunduki ya kuazima, baada ya mtu asiyejulikana kuiharibu ya kwake kabla ya majaribio ya timu ya Marekani. Na jioni ya ule mkosi wa shabaha ya jirani, mlengaji wa Czech, Kateřina Kůrková, alimwendea kumpa pole. Walioana mwaka 2007. Mwaka uliofuata bibi harusi huyo alitwaa dhahabu ya kwanza ya Michezo ya Beijing, baada ya kupata 400 kati ya 400 kwenye mchujo. Baadhi ya pole huzaa.

Kinachomtofautisha bingwa ni kile anachofanya baada ya risasi mbovu. Jin Jong-oh wa Korea Kusini, katika fainali ya bastola ya mita 50 Rio 2016, alifyatua 6.6, alama ambayo kwa kawaida humtoa mtu kwenye mazungumzo ya medali. Alianguka hadi karibu na mkia. Kisha akarudi kwenye utaratibu wake, akawapita mmoja baada ya mwingine, akamaliza na 193.7, rekodi ya Olimpiki, na dhahabu ya tatu mfululizo katika mchezo huo. Kimantiki risasi ya 6.6 inapofyatuliwa inakuwa imekwisha, haimo tena duniani. Tabu ni kwamba kichwani huendelea kusikika kwa dakika kumi.

Tuje nyumbani. Afrika Mashariki haina mila kubwa ya mchezo huu, na sababu zinaeleweka: bunduki zinadhibitiwa kwa sheria kali, risasi ni ghali, viwanja ni vichache. Tulio nao karibu zaidi ni wapiga mishale, kama Mkenya Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Rio 2016. Lakini swali la mlengaji linawahusu wote tunaowatuma nje. Kila msimu wa Olimpiki timu ya Tanzania hukabidhiwa bendera, kiongozi husimama na kuwaambia vijana kwamba safari hii taifa linataka medali, magazeti huandika hivyo hivyo, na timu ikirudi mikono mitupu huitwa ya watalii. Medali za Olimpiki za Tanzania zimebaki zile mbili za fedha za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kama kudai kungekuwa ni mbinu, miaka zaidi ya 40 ya kudai ingekwisha kuleta kitu.

Mfano wa njia nyingine upo, nao ni wa karibuni. Septemba 2025, jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa sehemu tatu za mia za sekunde mbele ya Mjerumani Amanal Petros. Alisema baadaye kwamba hakujua kama ameshinda mpaka alipoliona jina lake juu kwenye skrini. Baada ya kilomita 42 alikuwa bado anakimbia hatua zilizobaki, na hesabu ya nani wa kwanza aliiachia mashine.

Korea Kusini, ambayo timu yake ya wanawake ya upinde ilitwaa dhahabu ya kumi mfululizo Paris 2024, huonyesha lengo la utaratibu, si la medali, linavyogeuzwa kuwa bajeti. Kwenye kituo chao cha Jincheon walijenga uwanja wa kuigiza ule wa Les Invalides, palipofanyika mashindano ya upinde ya Paris, wakawafundisha wapiga upinde wao kufyatua katikati ya kelele za watazamaji. Fedha ziliingia kwenye kuuzoea upepo, sauti na woga kabla ya siku yenyewe. Hakuna sababu ya gharama inayotuzuia sisi kuiga sehemu ya hayo. Mkimbiaji anaweza kukimbia majaribio mbele ya umati unaozomea. Bondia anaweza kufanyishwa raundi ya mwisho akiwa ameambiwa yuko nyuma kwa pointi. Mlengaji mwenyewe hutumia saa nyingi kufyatua bunduki isiyo na risasi, akirudia hatua zile zile na kuandika kwenye daftari namna kila moja ilivyokwenda. Daftari halihitaji mfadhili.

Kwa hiyo vyama vya michezo vinapoandaa mpango wa kuelekea Los Angeles 2028, safu ya "medali zinazotarajiwa" inaweza kufutwa bila hasara yoyote. Nafasi yake iandikwe ni mashindano mangapi ya kimataifa kila mchezaji atapata kabla ya Michezo, nani atakaa naye kuzungumzia hofu, na mara ngapi atafanya mazoezi ya fainali yenye presha ya makusudi. Wizara ikitoa fedha, ikague hayo. Waandishi nao, siku ya kukabidhi bendera, wana swali bora la kumwuliza kijana kuliko lile la ataleta nini: ukiharibu mwanzo, utafanya nini katika dakika moja inayofuata? Atakayejibu kwa hatua, moja baada ya nyingine, amefundishwa. Atakayejibu kwamba atamtanguliza Mungu na kukaza, huenda kocha wake bado ana kazi, na ukumbi wa kuondokea uwanja wa ndege si mahali pa kuianzia.